Nyumba ya udongo ya ofisa imesimama Texas, ya mama inamomonyoka Kondoa: tatizo liko wapi?

*"Shikamoo mtaalamu. Naishi Odessa, Texas, naendesha malori. Mwezi wa saba nilipeleka familia Fort Davis, kambi ya zamani ya jeshi la Marekani. Kuna safu ndefu ya nyumba za maofisa zinazotazama uwanja wa gwaride. Nilishangaa kukuta nyingi ni za matofali mabichi ya udongo, kama ya kwetu Kondoa. Nyingine zina paa na baraza safi, nyingine zimebaki kuta. Mtembeza wageni akatuambia udongo haupigwi lipu ya simenti; nikadhani anatania. Serikali yenye pesa zote zile, halafu udongo? Mwanangu akauliza askari weusi walikuwa wanalala wapi, nikakosa jibu. Lakini shida yangu hasa ni nyumba ya mama kijijini. Ni ya matofali mabichi. Mwaka 2014 nilituma pesa ikapigwa lipu ya simenti ndani na nje, ikazungushiwa kibaraza cha zege. Sasa lipu inabanduka mapande mapande, na ukuta wa nyuma, upande wa chumba cha mama, matofali ya chini yameliwa hadi ngumi inaingia. Fundi anasema tubandue, tufunge wavu wa waya, tupige simenti nzito zaidi. Mjomba anasema tubomoe tujenge bloku. Nifanye nini?"*

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa mawazo ya nyumba. Najua la Kondoa ndilo linalokukosesha usingizi, lakini nitaanzia huko huko Texas, maana nyumba za aina ile zimeshajaribiwa karibu kila kitu ambacho fundi wako anapendekeza, na matokeo yapo ukutani, yanaonekana kwa macho. Ila kama kuna mtu anasubiri muamala wako leo jioni, chukua hili kwanza: usitume pesa ya wavu, na usiruhusu mtu abomoe. Soma mpaka mwisho ndipo uamue.

Kwanza, hiyo habari ya "serikali yenye pesa". Fort Davis ilianzishwa mwaka 1854 kulinda barabara ya kutoka San Antonio kwenda El Paso, iliyokatiza katikati ya nchi ya Waapache wa Mescalero, wenyeji wa asili ambao hawakuwa wamemwalika mtu, na kuvuka njia za Wakomanche, wenyeji wengine. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861 jeshi la serikali ya muungano likaondoka. Likarudi mwaka 1867 chini ya Luteni Kanali Wesley Merritt, safari hii likiwa na Rejimenti ya 9 ya wapandafarasi, askari wake wote weusi. Kambi ya kwanza ilikuwa imejibana ndani ya korongo. Ya pili wakaijenga mdomoni mwa korongo, kwenye uwanda, na ndiyo uliyoitembelea.

Sasa fikiria wewe ndiye uliyepewa kazi ya kujenga. Reli haikufika eneo lile hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880. Kioo cha dirisha, msumari, bawaba ya mlango, vyote vilikuja kwa magari ya kukokotwa na nyumbu au ng'ombe, mwendo wa zaidi ya kilomita 600 kutoka San Antonio. Mbao zilipatikana milimani, lakini lazima mti ukatwe, upasuliwe na ushushwe. Udongo ulikuwa chini ya miguu. Na mafundi wa Kimeksiko wa ukanda ule walikuwa wamejenga nao vizazi na vizazi kabla jeshi halijafika. Ndiyo maana nyumba chache za safu ile ni za mawe, na nyingi zikawa za matofali mabichi: udongo, mchanga, majani makavu, kibao cha kufyatulia na jua. Wewe dereva wa malori unaijua hesabu ya mzigo kuliko mimi.

Kwa hiyo futa kichwani ile dhana kwamba udongo ni nyumba ya aliyeshindwa. Kanali Benjamin Grierson, kamanda wa kambi kati ya 1882 na 1885, aliishi na familia yake kwenye safu hiyo, na nyumba ya kamanda imepangwa leo ionekane kama ya wakati wake. Fort Selden, kambi nyingine ya udongo huko New Mexico, ndipo alipolelewa mtoto wa kapteni aliyekuja kuwa Jenerali Douglas MacArthur, yule wa Marekani aliyevuma Vita vya Pili vya Dunia. Baba yake alipelekwa pale mwaka 1884. Ukuta mnene wa udongo hunywa joto polepole mchana na kulitoa polepole usiku. Kwenye nchi kavu ya mwinuko, mchana jua kali na usiku baridi ya kutetemesha, hicho ni kitu cha kukipenda. Bibi zetu waliokaa kwenye tembe wasingehitaji kuelezwa.

Usidhani hata hivyo kwamba maofisa wenyewe waliridhika. Vyumba vilitolewa kwa cheo: luteni alistahili chumba kimoja na jiko, kapteni viwili, na kuendelea kupanda. Akifika ofisa wa cheo cha juu kuliko chako na akaipenda nyumba yako, unahama. Na wewe ukihama unamwondoa aliye chini yako, naye anamwondoa wa chini yake, mpaka safu nzima inabeba magodoro kwa sababu ya mgeni mmoja. Wake za maofisa waliandika sana juu ya hili, wengine kwa kicheko, wengine kwa hasira. Jambo hilo lina maana kwetu sisi tunaokagua majengo: nyumba ambayo mkaaji hajui kama atakuwemo mwakani haipati mtu wa kuikandika vizuri.

Swali la mwanao ni zuri, na jibu lake mlilitazama bila kujua. Simama kwenye baraza la ofisa uangalie ng'ambo ya uwanja wa gwaride. Yale mabweni marefu yanayoelekeana na safu ya maofisa ndimo walimolala askari, vitanda vimepangwa mstari kwenye ukumbi mmoja. Rejimenti zote nne za askari weusi za wakati ule, ya 9 na ya 10 za wapandafarasi na ya 24 na ya 25 za miguu, zilipita Fort Davis. Maofisa wao, isipokuwa wachache wa kuhesabika, walikuwa weupe. Kwa hiyo ule uwanja ulitenganisha cheo na rangi kwa pamoja. Nyuma ya nyumba za maofisa mliona vijengo vidogo? Hayo ni majiko, yaliwekwa mbali kwa hofu ya moto na joto, na watumishi walilala huko huko.

Mmoja wa wale wachache alikuwa Luteni Henry Flipper, mtu mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha kijeshi cha West Point, mwaka 1877. Alihudumu Fort Davis akisimamia ugavi. Fedha za serikali alizokuwa akizitunza alizihifadhi kwenye sanduku ndani ya makazi yake. Zilipopungua akashtakiwa mwaka 1881. Mahakama ya kijeshi ilimwona hana hatia ya wizi, lakini ikamfukuza jeshini mwaka 1882 kwa mwenendo usiofaa ofisa. Rais Bill Clinton alimsamehe rasmi mwaka 1999, yeye akiwa kaburini tangu 1940. Mwambie kijana asome habari zake. Atajua chumba cha ofisa kilikuwa na uzito gani.

Haya, tuje kwenye ukuta.

Tofali bichi halikuiva kwa moto wala halikuganda kama zege. Limeshikwa na chembe za mfinyanzi zilizokaribiana baada ya maji kutoka. Likiwa kavu linabeba paa na ghorofa. Ukilirudishia maji, chembe zinaachana na tofali linarudi kuwa tope. Hakuna siri nyingine. Kila utakachofanya kwenye nyumba ya udongo, kizuri au kibaya, kipime kwa swali moja: maji yanaingia wapi, na yakishaingia yanatokea wapi?

Jeshi lilipofunga Fort Davis mwaka 1891, nyumba hazikuanguka zote kwa pamoja. Zilizopata wapangaji ziliendelea, maana mtu anayelala ndani huziba paa linapovuja. Zilizong'olewa mbao na kuachwa wazi, mvua ilianzia kichwani mwa ukuta ikishuka. Mahali pale panapata kama milimita 400 za mvua kwa mwaka, nyingi kwenye ngurumo za alasiri za kiangazi chao. Kadirio linalotumiwa na wengi kwa nchi kavu ya aina hiyo ni kwamba uso uliosimama wima hupoteza kama sentimita mbili na nusu tu katika miaka 20, hata ukiwa wazi. Kichwa cha ukuta hakina subira hiyo, maji yanatuama na kuchimba. Basi ulipoona nyumba moja ina baraza na jirani yake ni kuta tupu, usidhani moja ilijengwa vibaya. Udongo ni ule ule, moja ilibaki na kofia. Bunge la Marekani lilipoidhinisha pahifadhiwe mwaka 1961, kazi kubwa ya miaka iliyofuata ilikuwa kurudisha paa na mabaraza. Na kuta zilizobaki wazi siyo uzembe. Kuijenga upya nyumba yote ni kubuni. Kuuacha ukuta wa asili na kuutunza ni kusema ukweli, ingawa kazi yake haiishi.

Maji yana njia tatu. Ya juu umeshaiona. Ya pili ni matone ya paa yanayopiga chini na kurukia ukuta. Ya tatu watu huisahau: ardhi yenyewe. Ukuta wa udongo unafyonza unyevu kutoka chini na kuupandisha, mara nyingi hadi magotini, wakati mwingine kiunoni. Ukuta ulio wazi, au uliokandikwa kwa udongo, unaupandisha unyevu huo kidogo kisha unaupumua nje, jua na upepo vinaumaliza, maisha yanaendelea. Tembe za kwetu zilifanya hivyo kila mwaka bila mtu kupiga kelele.

Sasa ulipopiga lipu ya simenti, ndani na nje, ulifunga milango yote miwili ya kutokea. Ni kumvika mtu anayetoka jasho koti la plastiki ukidhani utamkausha. Unyevu ukazidi kupanda ukitafuta pa kupumulia. Wakati huo huo simenti ni ngumu na udongo ni laini. Jua la mchana na baridi ya usiku vinavitanua na kuvikaza kwa viwango tofauti, lipu ikapata nyufa nyembamba kama unywele. Mvua ikaingia kwenye nyufa hizo, na haikutoka. Nyuma ya ganda zuri lililopakwa rangi, tofali likawa linalainika miaka yote, hakuna aliyeona. Nina hakika mama alikuwa anasifiwa nyumba nzuri.

Kibaraza cha zege kikaongeza mambo mawili. Matone yanagonga sakafu ngumu na kuruka juu kuliko yangeruka kwenye mchanga au kokoto. Na ardhi iliyofunikwa haipumui, kwa hiyo unyevu wake wote unahamia mahali pekee palipo wazi, yaani ukutani. Nenda kwenye kiungo cha kibaraza na ukuta: lazima pana ufa, na ufa huo ndiyo mfereji unaomwaga maji kwenye matofali ya chini. Hapo ndipo ngumi yako inaingia.

Mwambie mjomba aangalie kama kuna unga mweupe kwenye matofali yaliyoliwa. Wengi hudhani ni ukungu. Ni chumvi. Maji yanapanda nayo kutoka ardhini, yanakauka, chumvi inabaki na kukomaa kuwa chembe ngumu ndani ya vitundu vya tofali, inavipasua. Tofali halilainiki tena, linasagika kuwa vumbi. Ukipiga simenti juu ya vumbi hilo, hata iwe nene kiasi gani, umeibandika kwenye kitu ambacho hakipo.

Hili siyo nadharia ya vitabuni. Ranchos de Taos, New Mexico, kuna kanisa kubwa la matofali mabichi, San Francisco de Asís. Mwaka 1967 lilipigwa lipu ngumu ya simenti, kwa nia njema kabisa: kukandika kila mara ni kazi ya kuchosha. Baadaye ikaonekana maji yameingia nyuma ya lipu na kuta zinaoza zikiwa zimefunikwa. Mwaka 1979 wakaibandua, wakarudi kwenye udongo, na mpaka leo wanajumuiya wanakusanyika kulikandika upya kwa mikono. Serikali ya Marekani nayo ilikuwa imepita njia hiyo hiyo kwenye majengo yake: nusu ya kwanza ya karne ya 20 simenti ilionekana mkombozi wa udongo kusini-magharibi mwa nchi kote, kisha miaka ya baadaye ikaanza kubanduliwa. Wakajaribu pia dawa za kunyunyizia. Nyingi zilitengeneza ganda gumu la juu, nalo likabanduka likiondoka na udongo wa nyuma yake. Fort Selden, pale alipokulia MacArthur, katika miaka ya 1980 walifika hadi kujenga kuta mpya za majaribio na kuziacha juani na mvuani ili walinganishe kofia, dawa na mifereji. Kwa hiyo fundi akikuletea ndoo ya "dawa ya kuzuia maji" kutoka duka la vifaa vya ujenzi, mshukuru na umrudishie.

Naomba nimtendee haki fundi wako. Simenti siyo adui. Kwenye bloku, kwenye tofali la kuchoma, kwenye sakafu, ni kitu chake. Hata kwenye udongo zipo nyumba zenye lipu ya simenti zilizodumu, na ukizichunguza utakuta paa limetoka nje sana na nyumba ipo mahali pakavu, pa mwinuko. Yaani paa na mteremko ndivyo vilivyozibeba. Fundi ameona nyumba hizo, akampa sifa asiyehusika.

Wavu basi. Wavu utaushika ukuta usionekane unaanguka. Utaligeuza lile ganda kuwa zito zaidi, litaning'inia kwenye misumari iliyopigiliwa kwenye udongo unaolainika, waya utashika kutu ndani ya unyevu, na siku litakapoachia litaondoka na ukuta. Kwa miaka mitatu minne utapokea picha nzuri kwenye simu. Ubaya wake ndio huo.

Bloku za mjomba nazipinga kwa upole zaidi, kwa sababu anaweza kuwa sahihi. Kama nyumba imeliwa pande zote nne, kama kuta zimepinda, kujenga upya kunaweza kuwa ndiyo njia ya maana, na hapo uliza pia habari za matofali ya kufungamana, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi wamekuwa wakiyafundisha kwa miaka mingi. Lakini nyumba ya bloku nyembamba chini ya bati bila dari, kwa jua la Kondoa, mama ataihisi. Na usisahau swali la atakaa wapi miezi yote hiyo. Kwa maelezo yako, tatizo kubwa lipo ukuta mmoja. Ukuta mmoja unatibika.

Ningekuwa wewe ningeanza na paa, kabla ya kugusa ukuta hata kidogo. Bati lililokatwa sawasawa na ukuta ndiyo chanzo cha misiba mingi ninayoiona vijijini. Watu wanabana bati moja ili wapoteze nyumba. Paa litoke nje sentimita 60 au zaidi, hasa upande unaopigwa na mvua za upepo, na kama maji ya paa yanaweza kukingwa kwa gata yakaenda kwenye tenki, mama atapata na ya kufulia.

Kisha miguu. Kibaraza cha zege kivunjwe, angalau ule ukanda unaogusa ukuta, upana wa nusu mita. Kama udongo wa nje umepanda kuliko sakafu ya ndani, uchimbwe ushuke. Ardhi iinamishwe iondoe maji kutoka kwenye nyumba, na palipokuwa zege pamwagwe kokoto. Kazi hii haina sifa, haipigwi picha, na ndiyo inayookoa.

Halafu ndipo ubandue lipu, na siyo yote. Subiri kiangazi, mwezi wa sita hivi, mvua zikiwa zimekatika kabisa. Anzeni na mita moja ya chini, nje, kwa patasi na nyundo ndogo. Nyundo kubwa mwiko, inatikisa hata matofali yasiyo na kosa. Lipu ya juu igongwe kwa kidole: inayolia kwa uwazi itoke, iliyoshika kabisa iachwe kwa sasa. Hapa wenzangu wengine hawatakubaliana nami, watasema simenti yote ing'oke siku moja. Mimi nasema kuilazimisha iliyoshika ni kung'oa uso wa tofali pamoja nayo. Ya ndani ya chumba cha mama, ule ukuta wa nyuma, iondolewe nayo kwa urefu huo huo, ili unyevu upate pande mbili za kutokea. Kisha acheni ukuta upumue, wiki kadhaa kwa uchache. Mtasikia harufu ya tope bichi siku za kwanza. Unga mweupe ukitokeza, ufagiliwe kwa brashi kavu, usioshwe.

Matofali yaliyoliwa yabadilishwe kwa matofali mabichi yaliyokauka vizuri, ya udongo wa pale pale, kwa kipande cha nusu mita, mkiruka mita nzima isiyoguswa kabla ya kufungua kipande kingine. Udongo wa kuungia uwe ule ule, siyo simenti. Tofali la juu kabisa lishindiliwe barabara, kwa sababu likiacha uwazi ukuta wa juu utashuka kulifuata. Msiingize vipande vya mbao humo. Mchwa wa Kondoa unawajua.

Mwisho kandiko, tabaka mbili. Udongo, mchanga, majani makavu yaliyokatwa mafupi, na kinyesi cha ng'ombe kama desturi ya pale ilivyo, vikae vimelowana siku kadhaa kabla ya kutumika. Msianze na ukuta mzima. Pakeni viraka vinne vitano vya michanganyiko tofauti, ngojeni vikauke. Kinachopasuka kina mfinyanzi mwingi, kiongezewe mchanga na majani. Kinachotoa vumbi ukikipitishia kiganja kina mchanga mwingi. Mnaotafuta ni wa katikati, na mara nyingi kina mama wa kijijini wanaujua kabla hujamaliza kueleza. Kama mama anataka nyumba nyeupe, na ana haki, pakeni chokaa juu yake. Chokaa inapitisha pumzi. Rangi ya mafuta haipitishi. Anayechanganya chokaa akinge macho.

Gharama kwa ukweli wake: vifaa ni rahisi kuliko simenti, ila kazi ni nyingi, na haitafika mwisho. Kandiko la nje, hasa chini, litaliwa na kutakiwa kurudiwa kila baada ya misimu michache. Hiyo ndiyo kazi yake: liliwe lenyewe ili tofali libaki. Kama nyumbani hakuna mtu wa kulirudia, na wewe upo Odessa, sema hivyo mapema kwa mjomba, kwa sababu hapo hoja yake ya bloku inapata nguvu ambayo haikuwa nayo.

Sasa mahali ambapo mimi na wewe kwenye maandishi hatutoshi. Kama uliwaji umeingia zaidi ya theluthi moja ya unene wa ukuta. Kama ukuta umetoa tumbo au umeinama. Kama kuna ufa unaoingiza kidole, au ufa wa kulala chini ya kenchi, yaani mbao zinazobeba paa. Kama mlango ulianza kukwama mwaka huu: msibandue chochote kabla mhandisi wa halmashauri au fundi mkuu aliyezoea majengo ya udongo hajaufikia ukuta, akaupima na kuweka nguzo za kuegemeza. Kondoa ipo kwenye ukanda wa bonde la ufa, ardhi ile hutikisika mara kwa mara, na ukuta uliolika chini hauvumilii mtikisiko. Ngumi inayoingia, ulivyoandika, inaweza kuwa tayari imevuka hiyo theluthi. Mjomba achukue kijiti, akitie kwenye tundu, aweke alama, apime, kisha apime unene wa ukuta mlangoni. Akutumie namba hizo mbili pamoja na picha ya ukuta kutoka ubavuni, siyo kutoka mbele.

Na kitanda cha mama, kama kimeegemea ule ukuta wa nyuma, kihamishiwe chumba kingine leo, kabla hujampigia fundi.